Piano yako ni nzima, rekodi ndiyo mbovu: jinsi ya kulisaka tatizo kutoka kwenye kii hadi kwenye faili

"Mjomba, piano hii imekufa. Sikiliza mwenyewe."

Mpwa wangu aliniandikia hivyo usiku mmoja kutoka Mbale, akaambatanisha rekodi ya dakika mbili. Nikasikiliza. Sauti za katikati zilikuwa zimenyonywa, na kilichobaki kilikuwa chembamba, chenye majimaji, kana kwamba mtu anapigia ndani ya jerikeni tupu. Alikuwa ameahidi kuwarekodia wanakwaya wenzake nyimbo za mazoezi kabla ya Jumapili, na tayari alishaanza kuulizia bei ya piano nyingine.

Nilimuuliza swali moja tu: ukivaa hedifoni ukapiga bila kurekodi, inasikikaje? Akajibu, "Inasikika vizuri kabisa." Basi piano haikuwa imekufa. Kilichokosewa kilikuwa waya kati ya piano na kompyuta, na nitaueleza waya huo mbele kidogo, maana nimeukuta kwenye nyumba nyingi.

Piano ya dijitali ina neema ambayo piano ya nyuzi haina: sauti yake inaweza kufika kwenye faili bila kupita hewani. Mvua ipige mabati, boda boda zipite dirishani, jogoo wa jirani awike, wewe unaendelea kurekodi. Kwa hiyo rekodi ikitoka mbaya, kuna mahali njiani pamekwama, na mahali hapo panatafutika. Fuata njia ya sauti kipande kwa kipande, na kila mara badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha kebo, programu na volyumu kwa mpigo mmoja, hata mambo yakitengemaa hutajua kilichoyatengeneza, na shida ikirudi mwezi ujao utaanza upya.

Kwanza, kuwa na kipande cha majaribio

Usijaribu kwa wimbo mzima. Utachoka kabla hujafika popote, na sikio likichoka huona kila kitu ni sawa. Rekodi dakika moja, kila mara kwa mpangilio uleule. Anza na sekunde 10 za kimya, mikono mapajani, piano ikiwa imewashwa. Kisha piga C ya katikati peke yake, uiache ife. Piga noti moja ya chini kabisa kushoto na moja ya juu kabisa kulia. Piga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa upole uwezavyo, halafu kodi ya mikono miwili kwa nguvu zako zote, kama unavyopiga kwaya ikifika kwenye kiitikio cha mwisho. Malizia kwa kukanyaga pedali na kushikilia kodi moja mpaka sauti iishe yenyewe.

Kila sehemu ina siri yake. Kimya kitakuonyesha mngurumo na kelele za chinichini. Noti za kushoto na kulia zitakuonyesha kama sikio moja limekosa sauti. Kodi ya nguvu itakuonyesha kama sauti inapasuka. Mkia wa kodi ya mwisho utakuonyesha kama programu inaila sauti inapofifia, jambo ambalo huwezi kulisikia katikati ya wimbo.

Faili lipe jina la kitu ulichobadilisha: "kebo-mpya", "bila-chaja", "volyumu-nusu". Baada ya majaribio matano utashukuru.

Sikiliza piano yenyewe

Chomeka hedifoni kwenye piano, kompyuta ikiwa imezimwa, upige kile kipande cha majaribio. Ukisikia kasoro ileile hapa, hakuna haja ya kugusa kompyuta. Tatizo liko ndani ya piano.

Mara nyingi huwa ni mipangilio. Mwangwi wa kutengenezwa, ule ambao piano huuongeza ili ujisikie uko ukumbini, ukiwa mwingi huifanya rekodi kuwa na ukungu. Upunguze au uuzime, kwa sababu mwangwi unaweza kuongezwa baadaye kwenye kompyuta lakini ni vigumu sana kuutoa. Baadhi ya piano za Yamaha zina kipengele kiitwacho Stereophonic Optimizer, ambacho hugeuza sauti ya hedifoni ili uhisi inatoka mbele yako badala ya ndani ya kichwa. Ni kizuri kwa mazoezi. Kwa kurekodi kupitia tundu la hedifoni, kizime.

Halafu kuna vumbi letu jekundu. Pandisha na ushushe kitelezi cha volyumu huku umeshikilia noti. Kama kinakwaruza, vumbi limeingia. Zima piano, kisha kisogeze mwanzo mpaka mwisho mara ishirini hivi, na pini ya hedifoni nayo uichomeke na kuichomoa mara kadhaa. Hilo peke yake husaidia mara nyingi. Lisiposaidia, tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya viungo vya vifaa vya umeme, kidogo tu, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Mafuta ya taa na mafuta ya cherehani usiyaguse. Yanakusanya vumbi zaidi.

Kama noti za mwanzo zinakatika ghafla unapokanyaga pedali na kupiga noti nyingi, hapo umefika kwenye ukomo wa piano. Yamaha P-45, kwa mfano, inaweza kutoa sauti 64 kwa wakati mmoja, na pedali ikikanyagwa muda mrefu hesabu hiyo hufika haraka. Hakuna kebo ya kuliponya hilo. Inua pedali mapema zaidi, au rekodi kwa MIDI, yaani taarifa za kii badala ya sauti, kama nitakavyoeleza.

Je, unarekodi kupitia waya kweli?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ni miongoni mwa yale ninayoyauliza mapema. Anza kurekodi, kisha gonga kwa ukucha kwenye mgongo wa simu au karibu na kibodi ya laptopu. Sikiliza rekodi. Ukisikia "ko, ko, ko", basi maiki ya kifaa ndiyo iliyokuwa inarekodi, na waya wako ulikuwa umelala tu hapo.

Kwenye laptopu, fungua mipangilio ya sauti na uangalie kifaa kilichochaguliwa cha kuingiza sauti. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, au kadi ya sauti (kile kiboksi kinachopokea waya wa sauti na kuipeleka sauti kwenye kompyuta kwa USB) ikichomolewa, mara nyingi inarudi kwenye maiki yake ya ndani bila kukuambia. Programu ya kurekodi nayo ina uchaguzi wake. Kagua kote kuwili.

Ukiwa hapo hapo, zima kila kinachoitwa uboreshaji wa sauti au uondoaji wa kelele. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoongea kwenye mikutano. Noti ya piano iliyoshikiliwa kwa muda, kwa kompyuta, inafanana na kelele ya feni, kwa hiyo huishusha. Ndiyo maana rekodi nyingi zinaanza noti vizuri, kisha sauti inazama kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kwenye simu kisa ni tofauti, na jibu lake liko kwenye pini.

Hesabu pete

Chukua pini ya kebo yako uende nayo kwenye mwanga. Utaona chuma kimegawanywa na pete nyembamba nyeusi. Zihesabu.

Pete moja: kebo inabeba sauti ya upande mmoja, yaani mono. Pete mbili: inabeba pande mbili, kushoto na kulia, au inabeba upande mmoja kwa namna ya pekee nitakayoieleza. Pete tatu: ni pini ya simu, ambayo ina njia ya nne kwa ajili ya maiki.

Sasa, ukitoa waya wenye pete mbili kwenye piano na kuuchomeka kwenye simu, simu inadhani umeipa hedifoni za kawaida, zisizo na maiki. Inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya mwilini. Hujakosea kitu chochote unachoweza kukiona. Pini imeingia vizuri, imetoa mlio wa "tak", na alama ya hedifoni imetokea kwenye kioo. Lakini sauti ya piano haina mlango wa kuingilia. Ziko adapta za kuingiza sauti kwa ile njia ya nne, lakini njia hiyo ni ya mono na ni ya maiki yenye sauti ndogo, kwa hiyo piano ikiingia hapo hupasuka. Mimi siwashauri watu waende huko. Bora kadi ndogo ya sauti ya USB, ikiunganishwa na simu kwa adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB.

Na huyu mpwa wangu? Yeye alikuwa na kadi ya sauti yenye matundu mawili ya kuingiza, na piano yake ni ya zile zenye tundu moja tu la kutolea sauti, lililoandikwa PHONES. Akanunua kebo nene, nzuri, yenye pini kubwa za milimita 6.35 pande zote mbili. Nilimwomba anipigie picha ya pini. Pete mbili huku, pete mbili kule. Akachomeka PHONES upande mmoja, na tundu namba 1 la kadi upande wa pili.

Hapo ndipo jerikeni ilipozaliwa. Tundu la PHONES hutoa kushoto kwenye ncha ya pini na kulia kwenye pete ya chuma iliyo nyuma yake. Lakini tundu la kadi ya sauti, likiona pini ya pete mbili, linadhani limeletewa sauti moja iliyogawanywa kwa njia mbili zinazopingana, mbinu inayotumika studio kuua kelele za kwenye waya. Kwa hiyo linachukua kushoto na kutoa kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe. Kwenye piano, hicho ndicho kiini cha sauti: sauti za katikati, mwili wa noti, uzito wake. Kinachobaki ni tofauti ndogo ndogo za pembeni na mwangwi. Ni sauti iliyonyonywa kiini, na hakuna programu inayoweza kukirudisha, kwa sababu hakikuwahi kuingia.

Dawa ni kebo yenye umbo la Y: upande mmoja pini moja ya pete mbili ya kuingia PHONES, upande wa pili pini mbili za pete moja moja. Kushoto ingiza tundu namba 1, kulia namba 2. Kwenye programu chagua kurekodi stirio kutoka matundu 1 na 2. Dukani usiseme tu "nipe kebo ya piano", utapewa yoyote. Sema idadi ya pete kila upande, na uzihesabu mwenyewe kabla ya kulipa.

Piano yako ikiwa na matundu ya LINE OUT, au yaliyoandikwa L/MONO na R, una bahati. Tumia kebo mbili, moja kwa kila tundu. Ukiwa na kebo moja tu, iingize L/MONO. Ukiiingiza R peke yake utapata nusu ya piano, na noti za chini zitakuwa hafifu bila sababu unayoielewa.

Na kama rekodi inasikika sikio moja tu, kabla ya kununua chochote, badilishanisha zile pini mbili. Sikio bovu likihama, tatizo liko kwenye kebo au piano. Likibaki palepale, liko kwenye kadi au programu. Mara nyingi umerekodi tundu moja ndani ya njia ya stirio.

Kiwango cha sauti

Fungua rekodi ya kodi ya nguvu na uikuze kwenye kioo. Wimbi zima lina vilele vya mviringo, vya urefu tofauti tofauti. Wimbi lililopasuka lina vilele vilivyonyooka juu kama ua wa michongoma uliopunguzwa kwa panga. Kilichokatwa hapo kimepotea.

Panga hivi. Weka volyumu ya piano karibu robo tatu. Chini sana, utalazimika kupandisha geini ya kadi, yaani kiwango inachokuza sauti inayoingia, na pamoja nayo utapandisha shii ya chinichini. Juu kabisa, baadhi ya piano huanza kupasua sauti zenyewe. Kwenye kadi ya sauti, kama kuna kitufe cha INST, kizime. Hicho ni cha gitaa. Kitufe cha 48V, cha kuzipa maiki umeme, nacho hukihitaji. Kisha piga ile kodi ya nguvu, kwa nguvu kweli, maana siku ya kurekodi mikono huwa mizito kuliko wakati wa kujaribu. Pandisha geini taratibu mpaka kipimo kiguse kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Acha hapo. Sauti ikionekana ndogo usiwe na wasiwasi. Ukirekodi kwa biti 24 utaipandisha baadaye bila kuongeza kelele za maana.

Kama unaingiza piano kwenye tundu la maiki la laptopu moja kwa moja, jua kuwa tundu hilo kwa kawaida ni mono na linakuza sauti sana kwa sababu lilitarajia maiki. Shusha volyumu ya piano hadi robo, shusha na kiwango cha maiki kwenye mipangilio. Itafaa kwa mazoezi, si zaidi.

Mngurumo, na namna ya kuutambua kwa kii

Umeme wetu Uganda ni wa volti 240 na unapiga mara 50 kwa sekunde. Mpiga piano ana kipimo chake cha kuutambua. Kwenye piano ya kii 88, G ya kwanza kutoka kushoto inapiga mara 49 kwa sekunde, na G inayofuata mara 98. Sikiliza zile sekunde 10 za kimya, kisha piga hizo G mbili. Mngurumo ukiwa karibu sawa na mojawapo, juu yake kidogo tu, umemkamata mwizi: ni umeme wa ukutani umeingia kwenye sauti. Ukiwa ni mluzi mwembamba unaobadilika unaposogeza mausi au kufungua dirisha kwenye kompyuta, hizo ni kelele za kompyuta yenyewe zinazopita kwenye waya wa USB au chaja.

Chomoa chaja ya laptopu, urekodi kwa betri. Mngurumo ukitoweka, umepata jibu: piano na kompyuta zimeunganishwa mara mbili, mara moja kwa kebo ya sauti na mara ya pili kupitia nyaya za umeme, na umeme unazunguka kwenye mduara huo. Kurekodi kwa betri ni dawa kamili kwa watu wengi. Chaji kwanza, rekodi baadaye. Kama betri yako imechoka, chomeka piano, kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, si soketi za kuta mbili tofauti. Isipotosha, nunua kile kiboksi kinachotenganisha ardhi ya sauti kwa transfoma ndogo, kinachokaa katikati ya kebo.

Kuna ushauri unaozunguka mitaani wa kukata au kuziba mguu wa ethi, ule mrefu wa juu kwenye plagi yetu ya miguu mitatu. Nakusihi usifanye hivyo. Mguu huo ndio unaokulinda umeme ukivuja kwenye chuma cha kifaa. Ukigusa chuma cha pini na mngurumo ukapungua, au ukihisi mwasho mdogo vidoleni, huenda soketi zako hazina ethi nzuri. Muite fundi umeme aangalie, na hilo ni kubwa kuliko rekodi.

Nyumba za sola zina mngurumo wake. Inverta za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo husikika kama nyuki. Jaribu saa ambazo umeme wa kawaida upo, au endesha laptopu kwa betri na piano kwa betri kama piano yako inakubali. Mwisho, tenganisha kebo ya sauti na adapta za umeme. Kama lazima zikutane, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba.

Tiki-tiki, sauti mbili, na wimbo uliopanda

Vipasuko vidogo vinavyokuja ovyo, hata unapopiga polepole, huwa ni kompyuta inashindwa kwenda na kasi. Kwenye mipangilio ya programu tafuta bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayoipa kompyuta muda wa kufanya kazi. Ikiwa 64 au 128, ipandishe hadi 512. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde (mara ambazo kompyuta hupima sauti), bafa ya 512 inachelewesha sauti kwa milisekunde 11.6 hivi, na kama unajisikiliza kutoka kwenye piano yenyewe, ucheleweshaji huo haukuhusu. Funga kivinjari, zima wifi, usirekodi kwenye flashi ya zamani.

Ukisikia kila noti ikipigwa mara mbili, au sauti ina mzunguko wa ajabu kama inapita kwenye bomba, unajisikiliza kwa njia mbili kwa wakati mmoja: moja kwa moja kutoka kwenye piano au kadi, na tena kutoka kwenye programu. Zima mojawapo. Anayetumia MIDI azime Local Control kwenye piano, yaani mpangilio unaofanya kii zipige sauti ya piano yenyewe.

Na kama rekodi inasikika juu kuliko ulivyopiga, zaidi ya nusu toni, na imekwenda kasi kidogo, basi ulirekodi kwa 44,100 na mahali fulani inasomwa kama 48,000. Weka namba moja kwenye kadi, kompyuta na programu.

Njia ya USB

Tazama nyuma ya piano kama kuna tundu la mraba lililoandikwa USB TO HOST au USB COMPUTER. Linatumia kebo ileile ya printa, na huenda unayo kabatini. Watu wengi hawajui kwamba matundu yanayofanana hivyo hufanya kazi mbili tofauti. Kwenye Yamaha P-125 au Roland FP-30X, sauti yenyewe hupita humo ikiwa ya dijitali, bila kadi, bila geini, bila kuhesabu pete. Kwenye Yamaha P-45 au Roland FP-10 hupita MIDI tu, yaani taarifa za kii gani imepigwa na kwa nguvu gani, si sauti. Mtu wa P-45 akichomeka kebo hiyo na kusubiri sauti, atasubiri sana.

Lakini MIDI ina utajiri wake. Programu huchukua taarifa hizo na kuzipiga kwa sauti za piano nyingine iliyorekodiwa studio. Salamander Grand Piano, iliyorekodiwa kutoka kwenye Yamaha C5, ni ya bure. Noti uliyoikosea unairekebisha peke yake bila kurudia wimbo. Kwa mtu mwenye piano nzee yenye kii nzuri lakini sauti iliyopitwa na wakati, mimi naona hii ndiyo njia bora kuliko zote zilizo kwenye mwongozo huu.

Na kama piano ina tundu la flashi na uwezo wa kurekodi sauti, rekodi humo na uipeleke faili kwenye kompyuta. Hakuna njia fupi zaidi.

Ukilazimika kutumia maiki ya hewani

Labda unataka video ya simu, au matundu yote yamekufa. Usiweke simu juu ya piano. Itarekodi vishindo vya kii kuliko muziki. Iweke juu ya stendi au rundo la vitabu, mita moja hivi kutoka kwenye spika za piano, kwa urefu wa masikio yako. Volyumu iwe ya kati. Funga mapazia, simamisha godoro ukutani nyuma ya simu, tandika blanketi sakafuni. Chini ya mabati, miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, rekodi asubuhi na mapema, kwa sababu mvua za alasiri hazina huruma.

Kwa video kuna ujanja mwingine: simu irekodi picha, kompyuta irekodi sauti kwa waya, kisha uziunganishe. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, na papo hapo baada yake kii moja, upate mahali pa kuzipanga.

Faili likishakuwa zuri, usiliharibu mlangoni

Wakati mpwa wangu alipopata kebo ya Y, rekodi ikawa safi. Akanitumia. Nikasikia tena ukungu, nikashtuka. Kumbe alikuwa ameicheza kwenye spika ya laptopu huku ameshikilia kitufe cha maiki kwenye WhatsApp, kama ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti hubanwa kwa kipimo cha mtu anayeongea, na piano haiwezi kupita kwenye tundu dogo namna hiyo.

Tuma faili lenyewe, kama hati, kwa alama ileile unayotumia kutuma PDF. WAV ya stirio ya biti 16 kwa 44,100 ina megabaiti 10 na ushei kwa kila dakika, na bando si la bure, kwa hiyo tunza WAV kwako na utume MP3 ya kilobiti 320, ambayo ni megabaiti 2.4 kwa dakika. Kama bado kuna shii kidogo, programu ya kuhariri sauti iitwayo Audacity inaweza kuipunguza ukiisomesha zile sekunde 10 za kimya. Punguza desibeli 6 tu, kisha sikiliza mkia wa kodi ya mwisho. Ukianza kuwa na majimaji, rudi nyuma.

Alhamisi alituma nyimbo nne kama hati, kila sauti na faili lake: soprano, alto, tena, besi. Jioni akaniandikia kwamba maalto walikuwa wameanza kuomba irekodiwe polepole zaidi, kwa sababu sasa wanaisikia mistari yao.